Kujenga nakala za magari adimu ya misuli ya Marekani: kazi ianzie chini ya gari, na namba ya chasisi isiguswe

Wakuu, salaam nyingi kwenu nyote.

Kila linapotajwa jukwaani gari la misuli la Marekani, yaani gari la kawaida lililofungwa injini kubwa yenye nguvu, ambalo limejengwa upya kwa kufuata toleo adimu, mjadala hauchukui muda kugawanyika: upande mmoja unaliita feki na kulidharau, upande mwingine unalisifu kwa rangi na mlio wake, na hakuna anayeuliza limejengwaje. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu naamini nakala iliyojengwa kwa uaminifu ni kazi ya ufundi inayostahili heshima kamili, ilhali nakala iliyojengwa ili kumdanganya mnunuzi ni wizi wa wazi, na tofauti kati ya hizo mbili haionekani kwenye rangi wala kwenye nembo. Huonekana chini ya gari na kwenye namba ya chasisi.

Kwanza tuelewe kwa nini magari haya yananakilika kirahisi kuliko magari mengine ya thamani. Gari la misuli la kati ya 1964 na 1971 kwa kawaida halikuwa na bodi yake peke yake. Lilikuwa gari la kawaida la milango miwili, likipita kwenye mstari uleule wa kiwanda pamoja na magari ya watu wa kipato cha kawaida, na kilichokuja kulifanya adimu ni kile ambacho mteja au muuzaji alikichagua kwenye fomu ya oda. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo iliyofungua mlango. General Motors, kampuni mama ya Pontiac na Chevrolet, ilikuwa na sera ya kutoruhusu injini kubwa kwenye magari yake ya ukubwa wa kati, na John DeLorean na wahandisi wenzake wakalikwepa katazo hilo kwa kuiweka injini ya inchi za ujazo 389 kama kifurushi cha nyongeza kwenye Tempest LeMans, badala ya kuitangaza kama gari jipya. Yaliuzwa magari 32,450 mwaka ule wa kwanza. Lakini kwa kuwa lilikuwa kifurushi tu, namba ya chasisi ya GTO ya 1964 na ya 1965 haisemi popote kwamba gari ni GTO. Ni kuanzia 1966 ndipo GTO ikapewa mwanzo wake yenyewe wa 242, tofauti na LeMans. Kwa hiyo LeMans ya 1965 iliyogeuzwa GTO kwa ustadi haiwezi kutambuliwa kwa kusoma namba hiyo. Itatambuliwa kwa karatasi za kiwandani, na kwa Pontiac tuna bahati kwamba Pontiac Historic Services inazo kumbukumbu za ankara za magari ya miaka hiyo.

Mfano unaonigusa zaidi ni Camaro ya 1969. Kupitia utaratibu wa oda maalumu za ofisi kuu, maarufu kwa kifupi chake COPO, muuzaji aitwaye Fred Gibb wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliagiza magari 50 yenye injini ya ZL1, ambayo ni ya inchi za ujazo 427, yaani lita 7, ikiwa na bloku na silinda hedi za alumini. Injini hiyo peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000 kwenye bei, na gari zima likavuka dola 7,000 wakati ambapo Camaro ya kawaida yenye V8 ilianzia chini ya dola 3,000. Mwisho wa yote yalitoka magari 69 tu. Sasa tazameni namba ya chasisi ya ZL1: huanza na 124379N. Tarakimu 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya silinda nane, 37 ni bodi ya kupe, 9 ni mwaka 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Camaro nyingine yoyote ya kupe yenye V8 iliyotoka Norwood mwaka huo, hata ile ya injini ndogo kabisa iliyonunuliwa kwa safari za kazini na sokoni, huanza na alama hizohizo. Iliyozaliwa na silinda sita huanza na 123, na hapo angalau uongo unakamatika mapema.

Chrysler, kampuni mama ya Plymouth na Dodge, kwa upande wao waliiandika injini ndani ya namba yenyewe, na kwa hilo wametuachia zawadi kubwa. Plymouth 'Cuda ya 1970, toleo la nguvu la Barracuda, yenye injini ya Hemi (jina linalotokana na vyumba vyake vya mwako vya nusu tufe) huanza na BS23R ikiwa ni ya paa gumu, au BS27R ikiwa ni ya paa la kukunja, na ile R ya mwisho ndiyo Hemi. Barracuda ya kawaida ya mwaka huo yenye injini ya inchi za ujazo 318 huanza na BH23G. Za paa la kukunja zenye Hemi zilikuwa 14 mwaka 1970, na za 1971 hazifiki hata 15. Mwaka 2014 moja ya hizo za 1971 iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Bei hiyo inaeleza yenyewe kwa nini watu wanajenga nakala: mpenzi wa kawaida wa gari hili hataligusa la asili maisha yake yote, na tajiri aliyelinunua hawezi kulitoa barabarani siku ya mvua bila moyo kumwenda mbio. Nakala inalirudisha gari barabarani, mahali lilipokusudiwa kuwa, na mimi siioni aibu yoyote katika hilo.

Kosa la wajenzi wengi ni kuanzia juu. Wananunua nembo, michirizi ya pembeni, boneti yenye kichota hewa na magurudumu, kisha wanatafuta injini kubwa ya kuitumbukiza. Gari la namna hiyo linapendeza kwenye picha lakini ni hatari kuliendesha. Chukueni mtu mwenye Barracuda ile ya BH23G anayetaka kuigeuza Hemi 'Cuda. Hemi ya 426 ina uzito unaozidi kilo 350, na ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 425 kwa vipimo vya zamani vya injini isiyofungwa vifaa vyake vyote. Kiwanda kilijua kwamba bodi ya 318 haiwezi kuubeba mzigo huo kama ilivyo. Fremu ya mbele inayobeba injini ilikuwa ya aina yake kwa ajili ya Hemi, kwa sababu vishikio vya injini hiyo haviko mahali pamoja na vya injini nyingine. Vyuma vya msokoto vya mbele, ambavyo kwenye magari haya hufanya kazi ya springi, vilikuwa vinene zaidi. Sakafuni viliongezwa vipande vya bati vilivyochomelewa kuunganisha fremu na kingo za chini za bodi, ili gari lisijipinde linapoondoka kwa nguvu. Nyuma, magari yenye gia za mkono yalipewa difu ya Dana 60, ambayo ni ya kiwango cha malori madogo.

Springi za nyuma zinaonyesha vizuri jinsi wahandisi wale walivyofikiri. Injini inapovuta kwa nguvu, msokoto wa propela huelekea kuliinua gurudumu la nyuma la kulia na kulifanya liteleze. Kwa hiyo springi ya mabamba ya upande wa kulia haikuwa sawa na ya kushoto: kulia waliongeza nusu-bamba mbele ya ekseli ili upande huo uwe mgumu zaidi. Mtu akikuonyesha nakala ya Hemi 'Cuda, inama, uyahesabu mabamba pande zote mbili. Mjenzi aliyeweka mabamba tofauti kulia na kushoto amesoma, na kuna uwezekano mkubwa kwamba na mengine ameyafanya sawasawa. Mjenzi aliyeacha springi za 318 amekuuzia michirizi.

Ukifungua boneti utakutana na tatizo lingine. Vali za Hemi zimekaa pande mbili za chumba cha mwako kilicho kama nusu tufe, na plagi ziko katikati, kiasi kwamba nyaya za plagi hupita ndani ya vifuniko vya vali vyenyewe. Matokeo yake ni injini pana mno. Nafasi ya buster ya breki inakuwa finyu, kubadilisha plagi za upande wa dereva ni kazi ya kuumiza mikono, na rejeta ya 318 haitoshi hata kidogo. Bloku mpya za 426 zinatengenezwa, za chuma cha kusubu na za alumini, kwa hiyo hakuna sababu ya kuitoa Hemi ya asili kwenye gari lake ili kujenga nakala. Jambo hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu limewahi kufanyika mara nyingi mno: gari moja la kweli linavunjwa ili yapatikane mawili ya uongo.

Sasa niwapeleke kwenye magari ya mabawa, yale yenye pua ndefu mbele na bawa nyuma, maana hapa kazi ya bodi ndiyo yenye utamu. Dodge Charger Daytona ya 1969 ilitengenezwa magari 503 ili NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, iiruhusu kushindana, na Plymouth Superbird ya 1970 ilikaribia 2,000 kwa sababu sheria ilikuwa imebadilika na idadi sasa ilitegemea wingi wa wauzaji wa kampuni. Tarehe 24 Machi 1970, Buddy Baker aliendesha Daytona katika uwanja wa Talladega, Alabama, akawa wa kwanza kuvuka maili 200 kwa saa, yaani takriban kilomita 322, kwenye uwanja wa mzunguko. Msimu wa 1971 NASCAR ikayabana magari hayo kwa kuyalazimisha kutumia injini isiyozidi inchi za ujazo 305, na mabawa yakatoweka.

Anayejenga nakala ya Superbird hushangaa anapogundua kwamba madigadi za mbele na boneti si za Plymouth. Road Runner, gari jingine la Plymouth, ndiyo mwili wa Superbird, lakini pua ile ndefu ya chuma haikukaa vizuri kwenye madigadi za Plymouth, kwa hiyo walichukua madigadi na boneti za Dodge Coronet ya 1970 wakazirekebisha. Kwa hiyo mjenzi makini hununua Road Runner au Satellite, kisha akaanza kutafuta sehemu za mbele za Coronet, na hizo zimeadimika. Wengine huweka pua ya fiberi. Siikatai fiberi kwa mtu anayesema wazi kwamba ni fiberi, ingawa mstari wa kuungana kati ya pua na madigadi hauwi uleule, na jua la miaka michache huufichua.

Tazameni pia kioo cha nyuma. Gari la mbio lilihitaji kioo kilicholala sawa na mteremko wa paa, ili hewa isizunguke nyuma yake, ilhali Charger ya kawaida ilikuwa na kioo kilichozama ndani kati ya nguzo mbili. Wote wawili, Dodge na Plymouth, walikata bati na kuchomelea kipande kipya kuzunguka kioo. Kwenye Daytona maungio yale yalijazwa na kusuguliwa mpaka yakalainika, kisha yakapigwa rangi. Kwenye Superbird, ambako magari mengi zaidi yalitakiwa kwa muda mfupi, waliyafunika kwa paa la vinaili, na ndiyo maana Superbird hutoka na paa la vinaili. Nakala ya Superbird yenye paa tupu lililopakwa rangi, hata likiwa zuri namna gani, inaonyesha kwamba mjenzi hakuuliza kwa nini paa lile lilikuwapo. Na akiliweka, basi aliweke juu ya kazi halisi ya kuchomelea, si juu ya puti, kwa sababu unyevu huingia chini ya vinaili na kutu ikianza pale haionekani mpaka bati limekwisha kulika.

Inafaa kukumbuka kwamba magari haya hayakupendwa yalipokuwa mapya. Superbird nyingi zilikaa kwenye viwanja vya wauzaji bila mnunuzi, na baadhi ya wauzaji waliyang'oa mabawa na pua ili wayauze kama Road Runner za kawaida. Leo watu wanafanya kinyume chake, wanachukua Road Runner za kawaida na kuzipa pua na mabawa.

Ford Mustang Boss 429 ndiyo inayowashinda wajenzi wengi, na naiweka peke yake kwa sababu hiyo. Ford walitaka injini yao mpya ya 429 ikubaliwe NASCAR, na wakaamua kuiuza ndani ya Mustang, gari ambalo halikuwa na nafasi ya kuibeba. Magari yalipelekwa Kar Kraft huko Brighton, Michigan, ambako minara ya springi za mbele ilisogezwa nje, vishikio vya mikono ya juu vikabadilishwa, na betri ikahamishiwa kwenye buti. Yalitoka magari 859 ya 1969 na 499 ya 1970, na namba zake za chasisi zina herufi Z mahali pa injini. Anayetaka kuijenga nakala yake hana njia ya mkato: ama aikate minara ile na kuijenga upya kwa vipimo, huku bodi nzima ikiwa imefungwa kwenye fremu ya kunyooshea ili isipinde, ama akubali kuweka injini nyingine na asiliite gari lake Boss 429. Silinda hedi za aina hiyo sasa zinapatikana mpya. Jon Kaase wa Georgia, mjenzi wa injini anayejulikana sana, alibuni hedi zinazokaa kwenye bloku za kawaida za Ford 429 na 460, na hilo limewaokoa wengi kwenye upande wa injini. Kwenye upande wa bati bado kazi ni ileile ngumu, na fundi wa bodi asiyewahi kuifanya asijifunzie kwenye gari la mteja.

Nirudi kwenye namba, maana hapo ndipo mjenzi anapogeuka kuwa mhalifu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaharamisha kuondoa, kufuta au kubadilisha namba ya utambulisho ya gari. Bamba la namba lililo juu ya dashibodi, linaloonekana kupitia kioo cha mbele kwenye magari ya kuanzia 1968, hufungwa kwa riveti maalumu zenye umbo la ua, na ukaguzi wa kwanza wa mtu yeyote ni kuzitazama riveti hizo. Hata nia njema inaweza kukuponza. Katika jimbo la Kansas, Corvette ya 1959 ilishikiliwa na polisi kwa miaka kadhaa kwa sababu bamba lake lilikuwa limetolewa na kurudishwa wakati gari likikarabatiwa, na bunge la jimbo hilo likalazimika kurekebisha sheria mwaka 2022 ili kuwalinda wakarabati waaminifu. Ushauri wangu ni mmoja: bamba lisitolewe. Ukipaka rangi, lifunike.

Udanganyifu mwingine uko kwenye bloku. Kuanzia 1968 viwanda viligonga sehemu ya namba ya chasisi kwenye injini na giaboksi, na ndiyo maana wauzaji wanajivunia namba zinazolingana. Kwenye injini za Chevrolet V8, namba hiyo iko kwenye kijukwaa kidogo bapa mbele ya silinda hedi ya kulia. Chukueni tochi, mkipanguse kijukwaa hicho kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mkitazame kwa pembe ya chini. Bloku ambayo haijaguswa ina mikwaruzo myembamba iliyonyooka, inayokwenda kutoka mbele kuelekea nyuma, iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Bloku iliyosagwa upya na kugongwa namba mpya mara nyingi haina mikwaruzo hiyo, au ina alama za mviringo za mashine nyingine, au tarakimu zake zimekaa juu ya mikwaruzo mipya mno. Fundi aliyesaga uso wa bloku kwa sababu halali huenda naye ameifuta mikwaruzo hiyo, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa wizi; lakini mikwaruzo ikikosekana na tarakimu zikawa zimekamilika kabisa, muulize muuzaji maswali magumu.

Kwa upande wa karatasi, Ford wa 1967 na kuendelea ndio wenye nafuu kubwa, kwa kuwa Marti Auto Works wanayo data ya uzalishaji na hutoa ripoti ya gari mojamoja. Mwenye Chevelle au Camaro iliyojengwa Marekani hana huduma kama hiyo, na hutegemea karatasi ya kiwandani ambayo wafanyakazi waliiacha ndani ya gari, mara nyingi juu ya tanki la mafuta. Ndiyo maana Chevelle ni miongoni mwa magari yenye nakala nyingi zinazodai kuwa za asili.

Wapo wasiotaka gari la zamani kabisa. Dynacorn ya California inatengeneza bodi nzima mpya za chuma za Camaro na Mustang za miaka ile, na Revology ya Orlando, Florida, inajenga Mustang za umbo la zamani zikiwa na injini za kisasa za Ford. Kwenye Shelby Cobra, ambayo ni gari la spoti zaidi kuliko la misuli lakini haliwezi kuachwa katika mjadala huu kwa kuwa limenakiliwa kuliko gari lolote la Marekani, kazi nzuri sana imetoka Afrika: nakala za Superformance zimejengwa Gqeberha, mji uliojulikana kama Port Elizabeth, Afrika Kusini, kisha zikasafirishwa Marekani bila injini wala giaboksi na kufungwa injini hukohuko. Njia hiyo ilitokana na sheria za usalama na za moshi. Mwaka 2015 bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomruhusu mtengenezaji mdogo kuuza hadi magari 325 ya nakala kwa mwaka, mradi umbo lake ni la gari la angalau miaka 25 iliyopita na injini yake inatimiza viwango vya moshi vya sasa. Bodi mpya isiyo na historia inasajiliwa kama ilivyo, yaani gari jipya au gari lililoundwa. Kuchukua bodi hiyo na kuibandika bamba la Camaro iliyooza kunakuhusisha moja kwa moja na sheria niliyoitaja.

Kuna mkuu ameniuliza pembeni kama ni halali kuweka breki za diski, usukani wa kisasa na giaboksi ya gia tano kwenye nakala, au kama kufanya hivyo kunaiharibu. Jibu langu ni kwamba nakala ndiyo gari linalofaa kwa mabadiliko hayo. Hemi nyingi zilitoka kiwandani na breki za ngoma pande zote nne, na yeyote aliyewahi kushuka mlima na gari zito lenye ngoma zilizopata moto anajua hofu yake. Gari la asili ni ushahidi wa historia na libaki na ngoma zake. Nakala haina ushahidi wa kutunza, kwa hiyo iwekewe breki zitakazolisimamisha gari la nguvu za farasi 425. Usalama sina mjadala nao.

Mwingine anahofia kwamba nakala zinashusha thamani ya magari ya asili. Naona kinyume. Spea zinazotumika kuyatunza magari ya asili zipo sokoni kwa sababu maelfu ya wajenzi wa nakala wanazinunua. Hakuna kiwanda ambacho kingetengeneza kalibu ya madigadi kwa ajili ya magari 14. Kinachoshusha thamani ni mashaka, na mashaka yanaletwa na nakala zilizouzwa bila kutajwa kuwa nakala.

Kwa anayetaka kuanza, ninapendekeza Chevelle Malibu ya 1970 igeuzwe SS 454, yaani toleo la Super Sport la inchi za ujazo 454, yenye injini ya LS6. Ina fremu kamili chini ya bodi, kwa hiyo bodi inaweza kuinuliwa na kila kitu kikafanyiwa kazi kwa nafasi. Injini kubwa za Chevrolet zilikuwa zikiwekwa humo tangu kiwandani, kwa hiyo hakuna kukata bati. Na spea zake zinapatikana kuliko za gari lolote nililolitaja. LS6 ilikuwa na nguvu za farasi 450, na magari yake ya asili yanakadiriwa kuwa 4,475. Anzeni na difu yenye boliti 12, mikono ya chini ya nyuma iliyozibwa pande zote, fimbo ya kuzuia kuyumba nyuma, breki za diski mbele na rejeta kubwa. Injini iingie baada ya hayo yote, na nembo za SS ziwe za mwisho kabisa.

Tangu siku ya kwanza wekeni faili. Humo iingie picha ya bamba la namba kabla ya kazi, picha ya gari likiwa bado Malibu, risiti za spea, namba ya bloku mliyonunua na tarehe yake ya kusubiwa, na barua fupi iliyosainiwa na mjenzi inayosema gari hili lilizaliwa Malibu na limejengwa kwa mfano wa LS6. Faili hilo likabidhiwe pamoja na kadi ya gari kila linapouzwa. Wauzaji wengine hunung'unika kwamba barua hiyo inawapunguzia bei, na ni kweli inapunguza, kwa sababu bei ya juu zaidi ya hapo haikuwa yao.

Mwenye Malibu ya 1970 anayetaka tulijadili gari lake aandike hapa chini tarakimu tano za mwanzo za namba ya chasisi tu, zilizobaki abaki nazo. Ikiwa 13637, hiyo ni kupe ya V8, bodi ileile iliyotumika kwa SS, na tunaweza kuanza. Ikiwa 13537 ilizaliwa na silinda sita. Nakala bado inawezekana, ila hesabu za difu, springi na breki zitabadilika, na nitazieleza kwa mpangilio kulingana na gari lilivyo.